Usilitupe Ua Lililoanza Kunyauka

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mchana, mwezi Julai, kwenye mkutano wa wapiga picha hapa Arusha. Wengi waliokosa kufika wameniomba niiweke hapa waisome, nami naiweka yote kama nilivyoisema.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioanza kazi hii enzi za filamu na chumba cha giza, shikamooni. Wapiga picha wenzangu, na ninyi wadogo zangu mlioamka alfajiri kutoka Moshi, Usa River na Karatu, poleni na safari. Asanteni sana kwa kuja.

Naomba nianze na swali. Nani humu ndani hajapiga picha ya ua wiki hii? Anyooshe mkono. Naona hakuna. Harusi ina maua, mahafali yana maua, msiba una maua. Sasa swali la pili. Nani wiki hii amelitazama ua? Nasema kulitazama: kukaa nalo dakika kumi kabla hujagusa kamera. Naona mikono miwili. Haya, mitatu.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze.

Nimeombwa nizungumzie picha za maua yaliyopangwa mezani, zile zinazofuata nyayo za michoro ya kale ya Waholanzi. Wao waliiita stilleven. Mtu hayumo. Kuna chombo, kuna maua, pengine tunda, pengine mdudu, na mwanga unaoingia kutoka upande mmoja. Basi. Nami nina jambo moja tu la kuwaambia, na nitalirudia: wale watu hawakuwa wanachora maua. Walikuwa wanachora muda. Ua lilikuwa njia yao ya kuuonyesha. Ukitaka kupiga picha ya namna ile, utafute muda kwanza, ua litafuata.

Kabla sijawa mpiga picha nilifanya kazi miaka miwili kwenye shamba moja la maua ya kuuza nje, huko upande wa Usa River. Nilikuwa banda la gredi. Wanaoijua kazi ile wanaijua. Waridi linaletwa kutoka kitalu nyumba, unalishika chini ya kichwa, unalilaza kwenye ubao wenye alama za sentimita: 40 huku, 50 huku, 60 kule. Unatazama kichwa, unatazama majani, unaliweka kwenye fungu lake. Ni sekunde chache tu, linakuja lingine. Lililopinda shingo, tupa. Lenye doa la ukungu, tupa. Lililowahi kufunguka, tupa. Lenye vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, kwenye kikonyo, tupa mbali. Jioni nyuma ya banda kulikuwa na rundo refu kunizidi, likingoja kupelekwa shimo la mboji, na harufu yake ninayo hadi leo: utamu juu, na chini yake uchachu kama wa mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyopitiliza.

Siku moja, nikielekea kwenye gari la wafanyakazi, niliokota moja kutoka kwenye rundo lile. Nikalipeleka nyumbani, nikalitia kwenye chupa ya maji, nikakaa mbele yake. Lilikuwa la rangi ya maziwa. Shingo imelala upande, kama mtu anayetega sikio. Petali za nje zilikuwa zimeshika ukahawia ukingoni tu, mstari mwembamba kama ukingo wa chapati iliyoiva. Petali moja ilikuwa imekonda mpaka mishipa yake inaonekana, kama ngozi ya mgongo wa mkono wa bibi yangu. Lakini katikati, ndugu zangu, katikati lilikuwa bado limefumba, bichi, na ukijani kwa mbali. Ua lile moja lilikuwa na uzee nje na utoto ndani. Miaka miwili nilikuwa nimeshika maelfu ya waridi na sikuwahi kuliona hilo, kwa sababu yale niliyoyapitisha yote yalikuwa na umri mmoja. Yalikatwa yakiwa tumba, yakapoozwa kwenye chumba cha baridi, yakafungwa kwenye boksi, yakapelekwa kupanda ndege. Hayakuwa na jana wala kesho.

Miaka mingi baadaye ndipo nikaonyeshwa michoro ya Rachel Ruysch, nikatambua nilichokiona siku ile.

Mama huyu alizaliwa Uholanzi mwaka 1664. Baba yake, Frederik Ruysch, alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea aliyekusanya viumbe vilivyohifadhiwa, na binti alikulia katikati ya mkusanyo ule, akitazama wadudu na majani kwa karibu tangu utotoni. Tazameni michoro yake. Kuna jani lenye matundu ya kiwavi. Kuna ua lililokupa mgongo, unaona kikonyo na makalio yake ya kijani, hana haja kila ua likutazame kama linapigwa pasipoti. Kuna bua lililovunjika. Kuna mdudu anayepanda. Na nyuma yake giza. Alizaa watoto 10, na hakuweka brashi chini. Akina mama mliomo humu, mnaobeba kamera bega moja na mtoto bega la pili, mnasikia? Kumi! Akiwa amevuka miaka 80 bado anachora, na kwenye kazi za uzeeni akawa anaandika umri wake pamoja na jina. Alikufa mwaka 1750.

Sasa niambieni. Lile jani lenye tundu, kwenye banda letu la gredi lingepita?

Nitawaambia na jingine, hili lilinishangaza mno. Tulipu walizozithamini sana Waholanzi wa karne ya 17, zile zenye michirizi myekundu kwenye weupe kama miali ya moto, michirizi yenyewe ilikuwa ugonjwa. Ni virusi, na vinaenezwa na vidukari. Wao hawakujua, chanzo chake kilikuja kufahamika karne ya 20. Kidukari yuleyule ambaye msimamizi wetu akimwona anatupa fungu zima, ndiye aliyezipamba tulipu za michoro ile tunayoisafiria kwenda kuitazama Amsterdam.

Kuna hoteli moja, jina nitaliacha, iliwahi kuniagiza picha za maua za kutundika vyumbani. Nikawapelekea. Moja ilikuwa na jani lenye tundu, na pembeni ya tundu sisimizi. Niliipenda kuliko zote. Wakaniambia nizibe tundu kwenye kompyuta na nimtoe sisimizi. Nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Niliziba. Nikamtoa. Nikalipwa. Picha ile sijaitazama tena tangu siku hiyo, na ndiyo sababu nimekuja leo kuwaambia ninyi: mteja akiomba hivyo, mpelekeeni anachotaka, hiyo ni riziki. Lakini na ile yenye tundu itunzeni.

Na tusidhani kamera ilichelewa kufika kwenye maua. Mwaka 1854 Mfaransa Adolphe Braun alipiga picha takriban 300 za maua, na alizipiga ziwasaidie wachora michoro ya vitambaa na karatasi za ukutani. Kwa hiyo dada, ukifunga kitenge chako chenye maua leo, ujue undugu wa maua, kitambaa na kamera ni wa siku nyingi.

Tuje kwenye mwanga. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi tunapopotezwa na maelekezo ya watu wa mbali.

Vitabu vya Ulaya vinasema: tafuta dirisha la kaskazini. Kwa nini? Kwa sababu kule kwao mchana jua limeegemea kusini mwaka mzima. Dirisha la kaskazini haliingizi jua lenyewe, linaingiza mwanga wa anga tu, laini, usiorukaruka. Ni ushauri mzuri sana, kwao. Sisi tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Jua letu linahama. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, saa sita mchana jua letu limeegemea kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi limeegemea kusini. Nilihangaika mwaka mzima na dirisha langu la kaskazini kabla ya kuelewa kwa nini Juni linanimwagia jua kali mezani wakati kitabu kimesema halitafanya hivyo.

Sasa nisikilizeni, hili mlichukue. Arusha, Mlima Meru uko kaskazini mwetu. Moshi, Kilimanjaro iko kaskazini mwenu. Mungu ametupa dira isiyohitaji betri. Oktoba hadi mapema Machi, tumia dirisha la mlimani. Katikati ya Machi hadi Septemba, tumia dirisha linaloupa mlima mgongo. La mlimani, vuli na kaskazi. La mgongo, masika na kipupwe. Na miezi hii ya Juni na Julai tunayo zawadi nyingine: yale mawingu ya asubuhi yanayokataa kuondoka mpaka saa tano, saa sita. Wenzetu wa utalii wanalalamika kwamba wageni hawauoni mlima. Sisi tushukuru. Wingu lile ni pazia jeupe lililotandazwa juu ya mji mzima.

Lakini mwanga ni nusu. Nusu nyingine ni giza, na giza nilifundishwa na jiko la bibi yangu, Old Moshi.

Jiko lake lilikuwa la kuni. Kuta zimekula moshi miaka na miaka mpaka zikawa nyeusi tii, weusi usiong'aa, weusi unaokunywa mwanga. Dirisha moja dogo, upana wa kitabu. Bibi alikuwa akitoka kwenye majani ya ng'ombe, njiani anachuma ua jeupe kando ya mfongo, ule mfereji wa maji, anakuja nalo, analitia kwenye jagi la bati, analiweka kwenye kigoda karibu na dirisha, kisha anaendelea na shughuli zake. Ukiingia kutoka nje juani, huoni sufuria, huoni mafiga, humwoni hata bibi mwenyewe. Unaona ua. Limening'inia gizani peke yake, upande mmoja mweupe kabisa, upande wa pili unazama kidogokidogo, mpaka hujui ua linaishia wapi na giza linaanzia wapi. Nilikuwa na miaka saba au minane. Nilikuwa nasimama mlangoni pale nisijue natazama nini.

Mkitaka kulitengeneza giza lile nyumbani, fanyeni hivi. Fungeni mapazia mengine yote, libaki dirisha moja. Zimeni taa ya dari. Mwanga wake wa njano ukichanganyika na wa dirisha, jani la kijani linaonekana kama linaumwa. Meza iwe hatua moja au mbili kutoka dirishani, mwanga uingie kwa ubavu. Nyuma tundikeni shuka nyeusi isiyong'aa, mbali na ua, walau mita moja. Kitenge cha nta hakifai, kinarudisha mwanga. Upande wenye kivuli msiukimbilie. Shikeni karatasi nyeupe ya kawaida, isogezeni taratibu, na pale tu ukingo wa petali unapoanza kujitokeza gizani, simameni hapo. Msiongeze. Mwenye kamera aiweke kwenye stendi, ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, iwe 100, tundu la lenzi f/8 au f/11, shata ikae wazi nusu sekunde hata sekunde nzima, ua halina haraka. Mwenye simu aiegemeze kwenye mfuko wa mchele, aguse ua kwenye kioo, kisha ashushe ile alama ya jua mpaka giza lirudi kuwa giza. Simu inapenda kuangaza kila kitu. Ikatazeni.

Nimesema wale watu walichora muda. Tumeuona muda kwenye petali, lakini kuna muda mwingine, wa kungoja, nao ndio mgumu zaidi.

Ukimwonyesha mtunza bustani wa Uholanzi ile michoro, atakuambia jambo moja: shada hili haliwezekani. Tulipu ya majira ya kuchipua imekaa na waridi la kiangazi kwenye chombo kimoja. Hayo hayakukutana. Mchoraji alikuwa anachora kila ua kwa msimu wake, au kutoka kwenye vielelezo alivyovichora zamani, kisha anayakutanisha kwenye turubai. Mmoja wao, Jan van Huysum, alikuwa na desturi ya kungoja ua lenyewe lichanue. Kuna mchoro wake uko London, kwenye jumba la National Gallery, umeandikwa miaka miwili, 1736 na 1737. Na aliwahi kumwandikia mteja wake kwamba kazi haijaisha kwa sababu amekosa waridi la njano. Kazi nzima imesimama kwa waridi moja la njano! Sisi mteja wetu tungemwambia nini? Tungemwambia njoo kesho, njoo keshokutwa, na wala si kwa sababu ya waridi.

Mimi kungoja nilijifunza kwa kukosa. Baba mkubwa ana kihamba, yaani shamba la ukoo, Marangu, migomba na kahawa. Mwaka mmoja, mvua za vuli zilipoanza, alinipigia simu: "Mwanangu, kahawa inataka kuchanua, njoo." Nilikuwa na harusi mbili mfululizo. Nikamwambia nitakuja wiki ijayo. Mnaoijua kahawa mnajua nilichokosea. Kahawa ikishapata mvua yake baada ya ukame, matumba yaliyokuwa yamelala yanaamka kwa pamoja, na baada ya siku chache shamba zima linakuwa jeupe asubuhi moja, kama limemwagiwa unga, na harufu inafika barabarani, harufu ya asumini. Siku mbili, tatu, imekwisha. Nilipofika, maua yalikuwa kahawia, yamenata kwenye matawi kama karatasi iliyolowa. Baba mkubwa hakunilaumu. Aliniletea kiti, akanimiminia chai, akasema, "Itachanua mwakani."

Mwakani nilikuwepo. Nilikataa kazi, nikalala Marangu usiku wa kuamkia siku ile. Nikakata tawi moja tu, kwa ruhusa yake, maana kila ua la mkahawa ni punje za baba mkubwa za msimu unaofuata. Nikaliweka kwenye kata ya mbege. Na pembeni, chini, juu ya meza, niliweka tawi la mwaka jana, lile lililokauka. Alikuwa amelitunza. Sikumwomba.

Wapo wanaopiga kila ua kwa msimu wake, kwa dirisha lilelile na saa ileile, kisha wanayaunganisha kwenye kompyuta. Sina ugomvi nao, ndivyo walivyofanya wale wa kale. Ila waseme wamefanya hivyo.

La mwisho, na hili liko moyoni mwangu. Kwenye michoro ile kila kitu kinasema. Saa ya mfukoni inasema, fuvu linasema, petali iliyodondoka mezani inasema. Mtu wa wakati ule akiitazama alikuwa anaisoma. Vijana wetu wanapoiga, wananunua fuvu la plastiki. Jamani, fuvu la nini? Sisi hatuna mimea inayosema?

Mchagga akimkosea mwenzake kosa zito, anashika jani la isale, mmea wetu wa kuombea msamaha, anakwenda. Akifika na isale mkononi, maneno mengi hayahitajiki. Isale inapandwa mpakani mwa kihamba, isale inapandwa makaburini. Nilimwona jirani yetu kwa macho yangu, mtu mzima, amesimama uani kwa bibi jua likizama, hajasalimia, amenyoosha jani moja la kijani. Walikuwa hawajazungumza tangu sijazaliwa, kisa mpaka. Bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akalipokea, akaingia nalo jikoni, akalitia kwenye lile jagi la bati, mahali pa ua, karibu na dirisha.

Sikuwa na kamera. Nimelipanga jani lile mara nyingi tangu siku hiyo, jagi ninalo, ukuta mweusi nimeutengeneza, na bado sijaipata ile picha. Mwaka huu nitajaribu tena.

Wenzangu wa pwani wana kikuba chao, kile kifungu cha maua yenye harufu, cha asumini na rehani. Wa Usambara wanalo lile ua dogo la zambarau, African violet kwa Kiingereza, lililochukuliwa kupelekwa Ujerumani mwaka 1892, leo liko kwenye madirisha ya dunia nzima, na wengi wetu hatujawahi kuliona kwenye mwamba wake lilikozaliwa. Kila mmoja aende akaulize kwao: hapa kwetu ua gani linasema, na linasema nini?

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa tuinuke vitini. Pale nyuma kuna ndoo tatu. Ya kwanza ni waridi, nimezipitia asubuhi shambani, zote ni zilizokataliwa: zilizopinda shingo, zenye doa, zilizowahi kufunguka. Ya pili ni maua yaliyobaki jana soko la Kilombero, mama muuzaji amenipa bure alipojua ninakoyapeleka. Ya tatu ni majani ya isale, yakateni kwa adabu. Leo ni Julai, kwa hiyo msiliendee dirisha la mlimani. Meza tumezipanga upande ule mwingine, shuka nyeusi zimeshatundikwa, na mwanga utatufaa hadi saa kumi na moja hivi.

Kila mtu achague ua moja. Kamera na simu zibaki kwenye viti. Dakika kumi za kutazama tu, saa nimeishika mimi. Haya, karibuni.